Kaka yangu kaacha nipa (gongo ya mabibo) ghafla, siku ya pili kaanguka degedege. Naomba wenye uelewa mnisaidie (Tandahimba)

BintiWaMahuta (Jumatano, saa 2 usiku)

Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Mi huwa nasoma tu humu siandiki, leo imebidi maana nimechanganyikiwa na nyumba nzima hakuna anayejua cha kufanya.

Nina kaka yangu, tumbo moja, mimi ndo nimemfuata. Ana miaka 38, mke alishaondoka na watoto wawili mwaka juzi. Alianza na uraka, ile pombe ya mabibo isiyopikwa, kama vijana wote wa huku, msimu wa mabibo ukifika nani hanywi, mpaka mtoto anatoka shambani kashalamba. Ila yeye hakuishia kwenye uraka akahamia kwenye nipa, na nipa haina msimu, mabibo yakiisha watu wanaloweka kochoko, mabibo makavu, wanapika mwaka mzima. Sasa ni kama miaka mitano hawezi kuamka bila kunywa. Na sisemi anapenda, nasema asubuhi mikono inatetemeka mpaka hawezi kuinua kikombe, anakiacha mezani anainama na mdomo anafyonza hivyohivyo kama ng'ombe kwenye karai, ikishashuka robo saa anakaa sawa anashika jembe anaenda shamba utadhani sio yeye.

Mwaka huu korosho zake zote zimeenda kangomba, yaani kaziuza mapema kwa walanguzi. Mwezi wa sita alikuwa ameshakula hela za watu watatu, mnada ulivyofanyika wenzake wanasubiri malipo benki yeye hana hata kilo moja kwenye chama cha msingi. Mjomba akaja kutoka Newala akaitisha kikao, ikaamuliwa afungiwe kwenye stoo ya korosho siku saba mpaka pombe imtoke. Kaka mwenyewe alikubali, alilia mbele ya mama akasema nifungieni nimechoka. Hiyo ilikuwa Jumatatu asubuhi.

Jumatatu jioni jasho linamtiririka shuka limelowa, anatapika, hatulii. Jumanne alfajiri nikasikia kishindo, kufungua kaanguka chini anakakamaa, povu, kajing'ata ulimi damu. Dakika mbili hivi akaachia akalala. Tukampeleka zahanati moja wakapima malaria hakuna, wakampa panado wakasema akapumzike. Leo tangu magharibi ndo kabisa, anaongea na ukuta, anaokota vitu kwenye shuka anasema siafu wamemjaa niwatoe, mwili wa moto, mimi ananiita jina la shangazi yetu aliyekufa zamani.

Mama anasema ni majini, anataka tumtafute fundi, mganga. Mjomba anasema hiyo ndo pombe inatoka, tukifungua mlango tumeharibu kazi yote. Mimi nauliza, hii ni pombe inatoka kweli au kapata kifafa? Na nikimpa nipa kidogo atulie ni sawa au namuua? Na huku kusini kuna sehemu wanasaidia watu kuacha? Naombeni msinitukanie kaka yangu.

KucheleAsilia (saa 2 na dk 20)

Pole dada. Mi nakubaliana na mjomba. Sisi baba mdogo wetu tulimfungia hivyohivyo siku kumi Nanyamba huko, alipiga kelele, alitetemeka, alitukana watu wote, akatoka na mpaka leo haonji. Vumilieni, mkimuonea huruma mtamrudisha kulekule.

NesiWaKusini (saa 2 na dk 31)

BintiWaMahuta, ukifika hapa acha kusoma tafuta gari kwanza, ukishakaa kwenye gari ndo uendelee. Kaka yako anaweza kufa usiku huu. Siandiki hivi kukutisha, nimefanya kazi wodi ya wanaume miaka mingi na hao nimewapokea wengi, na wengine nimewafunika shuka mwenyewe.

Hajapata kifafa na hana jini. Mtu akinywa kila siku miaka mitano ubongo unazoea. Pombe kazi yake ni kupoza ubongo, na ubongo nao ili mtu aweze kutembea na kuongea unajibu kwa kujiwasha zaidi na zaidi, miaka yote unavutana na pombe kama watu wawili na kamba. Sasa nyie Jumatatu mmeachia upande mmoja ghafla. Huyu wa upande wa pili anaenda chini na kamba yake. Ndo kutetemeka huko na jasho, kunaanza masaa 6 mpaka 12 tangu tone la mwisho. Degedege linakuja ndani ya siku mbili za kwanza. Halafu kuanzia siku ya pili mpaka ya nne ndo inakuja hii uliyoieleza, mtu anachanganyikiwa, anaona wadudu, homa, moyo unakimbia, hajui alipo. Hiyo ndo hatua ya kuua. Wakiwahishwa hospitali wanaokufa hawafiki 5 kwenye 100, wasipowahishwa ni mara kadhaa ya hapo.

Usimpe nipa. Najua kichwani inakujia kwamba kama kuikosa ndo kumemfanya hivi basi nimpe. Ungeniuliza Jumapili ningekwambia msimkatishe, mwacheni anywe kile anachokunywa kila siku mpaka mfike kwa daktari aanze kushushwa na dawa. Lakini sasa hivi akili haipo, ukimnywesha itaingia kwenye mapafu badala ya tumbo. Na usiende duka la dawa kununua diazepamu ukampa kwa kukisia. Hiyo ndo dawa yenyewe wanayotumia, lakini inapimwa kwa kumwangalia mtu anapumuaje, anaanza na nyingi inapunguzwa siku kwa siku. Kwa kukisia unaweza kuzima pumzi.

Akianguka tena njiani mlazeni ubavu, legezeni nguo shingoni, msimshike kwa nguvu, msimuwekee kijiko wala kitambaa mdomoni.

Mkifika semeni wazi, usione aibu: huyu anakunywa gongo kila siku miaka mitano, kakatishwa Jumatatu asubuhi, Jumanne kaanguka degedege mara moja, leo anaona wadudu. Hayo maneno manne yataokoa muda. Kama mliposema zahanati mlisema tu "kaanguka" nawaelewa kwanini walikimbilia malaria, ingawa kwa kweli walitakiwa waulize. Na kingine waulize kama watampa vitamini B1, thiamini, kwa sindano kabla au pamoja na dripu ya glukosi. Wanywaji wa nipa wengi hawali, B1 mwilini imekwisha, ukimwagia sukari mwilini bila hiyo vitamini unaweza kumuharibu ubongo moja kwa moja, anabaki hawezi kutembea vizuri wala kukumbuka alichokula asubuhi. Wauguzi wenzangu wanajua, ila usiku wodi ikiwa imejaa ukumbushaji hauna ubaya.

KucheleAsilia, nafurahi baba mdogo wako alipona. Lakini ndugu yangu ndo hivyo watu wanavyoendelea kufungia wagonjwa. Wengi wakifungiwa wanatetemeka wanapita salama, basi mtaa mzima unasema dawa ni kufungia. Yule mmoja anayekufia ndani hakuna anayesema kauawa na kufungiwa, wanasema karogwa, au mapepo, au pombe ilikuwa imeshamuoza maini. Hahesabiwi.

BintiWaMahuta (saa 2 na dk 58)

Nesi Mungu akubariki nimesoma yote. Mjomba nimemsomea kwa sauti mpaka pale pa masaa na siku, kanyamaza, akaenda mwenyewe kuamsha jirani mwenye Noah. Mama analia anasema tubebe na msahafu. Tunatoka.

MikindaniBondeni (saa 3 na dk 40)

Mungu awafikishe salama dada.

Wakati tunasubiri naomba niongeze maana kuna watu wanasoma na nyumbani kwao sio pombe ni unga, heroini. Huku pwani unga upo, tusidanganyane. Hii bahari yetu majahazi yanatoka kule pwani ya Irani na Pakistani yanateremka mpaka huku kwetu na Msumbiji, na mwaka 2012 hapo Lindi zilikamatwa zaidi ya kilo 200 za heroini kwa mkupuo, tukasema ahaa kumbe. Mzigo wenyewe unapita tu kwenda mbali lakini hakuna mzigo unaopita sehemu usidondoke. Zinazodondoka ndo kete wanazokula wadogo zetu.

Mi nilikuwa na mdogo wangu, fundi boti mzuri sana, mikono yake ilikuwa inajua mbao. Akaanza na bangi kijiweni, siku moja wakamchanganyia kwenye msokoto bila kumwambia, hivyo ndo alivyonieleza mwenyewe na mi namuamini. Miaka mitatu akawa teja kamili, anabembea barabarani pale stendi watoto wanamrushia vijiwe. Sisi tulikuwa tunaogopa arosto kuliko kitu chochote, tukiona anajikunja, anaharisha, mafua, vipele vya baridi, anasema mifupa inavunjwa na nyundo, tunaona anakufa, mama anaenda kutafuta hela ya kete. Kumbe kwa unga mambo ni kinyume cha pombe. Arosto ya unga inatesa, inaanza masaa 8 mpaka 12, siku ya pili na ya tatu ndo inafika juu kabisa, wiki inakuwa imetulia, na mara chache sana inaua yenyewe kama mtu anapewa maji na chumvi. Kinachoua ni kurudi.

Mdogo wangu alikamatwa kwa wizi wa nyaya, akakaa ndani miezi minne. Mle aliacha kwa lazima. Akatoka amenona, mashavu yamerudi, mama alichinja kuku. Usiku uleule akatoka kidogo kusalimia wenzake. Akapiga kipimo kilekile alichokuwa anapiga zamani, mwili wa zamani ulikuwa unakibeba, huu mpya haukibebi tena. Asubuhi tulimkuta nyuma ya banda la samaki kakaa ameegemea ukuta, midomo ya bluu. Waliokuwa naye walisema alikuwa anakoroma sana wakajua kalala usingizi.

Huko kukoroma ndo pumzi inaisha. Mtu wa unga ukimuona anakoroma haamki, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, midomo inabadilika rangi, usimwache alale, mpigie kelele, mlaze ubavu, mkimbize hospitali kuna sindano inaitwa naloksoni inamrudisha. Nimekaa na hilo miaka saba. Hakuna siku sijafikiria kwamba kama mmoja wao angelijua neno moja tu.

Na kuacha unga kwa dawa kupo. Methadoni inatolewa bure, Muhimbili walianza 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke, na mikoa mingine ikafuata. Unakunywa kila siku mbele ya nesi, kikombe kidogo, unakaa bila arosto unaanza kazi. Mtu wa kusini kwenda Dar kila siku ndo haiwezekani, wenye uwezo wanahamishia ndugu kwa jamaa huko. Namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119, unaweza ukauliza huduma iliyo karibu na wewe.

MamaWaPipa (Alhamisi, saa 12 asubuhi)

Mi napika nipa. Nimesoma usiku sijalala. Sitaji kijiji, mtanielewa.

Nimeachiwa watoto wanne. Shamba la mikorosho ni ekari moja na nusu, salfa, dawa ya mikorosho, ikichelewa napata gunia mbili. Pipa ndo limesomesha mkubwa mpaka kidato cha nne. Najua ni kosa, tangu mwaka 1966 sheria ya moshi, hiyo gongo, ipo, nimeshalipa faini, nimeshamwagiwa mtungi wote na polisi mbele ya wanangu. Narudia kwasababu mwezi wa kwanza shule zinafunguliwa na mabibo yako chini ya mti yanaoza bure. Watu wa utafiti wa korosho wa Naliendele walikuja wakatufundisha kutengeneza juisi ya mabibo na jemu, nzuri kweli, nilitengeneza chupa thelathini, kijijini zikauzwa nne. Nipa ina mteja saa 12 asubuhi, sijafagia hata uwanja ameshafika.

Huyo wa saa 12 asubuhi ndo naandika kwa ajili yake. Wapo watatu kwangu. Wanakuja hawajanawa, mikono hivi, mi nawamiminia kwenye kibati nusu ili isimwagike, wanainama kama alivyosema binti. Nilikuwa nafikiri ni mazoea. Mmoja mwaka jana nilimkatalia, nikamwambia baba leo sikuuzii nenda kale kwanza, kwa nia njema kabisa, kumbe na jirani yangu siku hiyo hakupika. Keshokutwa yake nikasikia kaanguka kisimani. Walisema kifafa. Sasa usiku huu nesi unanieleza hivyo nakaa najiuliza.

Na kitu kingine waambieni vijana. Sisi tuliofundishwa na mama zetu, ile inayotoka mwanzo kabisa kwenye bomba tunamwaga, inanuka kama rangi ya kuta. Wapikaji wa sa hivi hawamwagi, hasara. Wengine wananunua spiriti za mjini wanaongezea ili iwe kali kwa kuni chache. Hiyo mimi siigusi hata nikifa njaa.

NesiWaKusini (saa 1 na dk 15 asubuhi)

Mama shikamoo. Asante kwa kuandika, najua haikuwa rahisi.

Hiyo spiriti mara nyingi huwa na methanoli. Kwa macho na pua hutofautishi, ladha ileile. Ikifika kwenye ini inageuzwa kuwa asidi inayokula mshipa wa jicho. Ubaya wake haidhihiri palepale, mtu analewa kawaida analala, kesho yake mchana, masaa 12 mpaka 24, ndo anasema naona ukungu mweupe, kichwa, tumbo, anapumua haraka. Watu wanasema mning'inio huo, wanampa supu. Akisema haoni vizuri, hata kama kidogo tu, huyo anakimbizwa hospitali na wenzake wote waliokunywa mtungi mmoja nao wanapelekwa hata kama wako sawa, maana zamu yao inakuja.

Na hao watatu wako mama, ukitaka kuwasaidia usiwakatalie ghafla. Waambie waende hospitali wakiwa bado wanakunywa, waseme wanataka kushushwa taratibu. Wakienda na mtu wa kuwashika mkono ni bora, na mtu huyo sioni kwanini usiwe wewe, wanakuheshimu kuliko daktari.

RondoMpakaMjini (saa 4 asubuhi)

Mimi ni wa Lindi, fundi ujenzi, nina miaka 51, sijanywa huu mwaka wa sita. Dada wa Mahuta utapoona hii natumaini kaka yupo.

Mi wangu ulikuwa viroba. Mnakumbuka vile vipakti vya pombe kali, mfukoni vinaingia kumi, jukwaani juu ya nyumba unang'ata kona unavuta hakuna anayekuona, dereva bodaboda anavuta huku anaendesha. Waziri Mkuu wa wakati ule Majaliwa, tena mtu wetu wa Ruangwa, alivyovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017 niliona nimeonewa, nikaenda kununua katoni nikaficha darini. Ziliisha. Nikahamia vichupa, vichupa vikawa ghali nikahamia gongo. Sikulaumu kupigwa marufuku, watoto wa shule walikuwa wanavinunua kwa hela ya andazi. Ila mtu aliyeshashikwa huwezi kumuondolea kifungashio ukasema umemtibu.

Nilivyotaka kuacha nilifanya kama kaka yako, nikajifungia mwenyewe. Niliona mafundi wenzangu waliokufa wanapanga tofali chumbani kwangu. Mpaka leo nakumbuka walikuwa wanapanga vibaya, na mimi nawafokea. Mke wangu alikuwa na akili, akaita bajaji akanipeleka hospitali ya Sokoine. Nililazwa siku tisa.

Nachotaka kukwambia ni kwamba hospitali itamtoa pombe mwilini, hizo siku tano, kumi. Hiyo ndo sehemu fupi. Mimi kilichonishinda ni saa 10 jioni. Saa 10 jioni kazi imeisha, hela ya kutwa iko mkononi, jua limelegea, miguu inajua njia. Mke wangu akawa anakuja saiti saa 9 na nusu na chai kwenye chupa, anakaa, anachukua hela, tunarudi wote kwa njia ya nyuma. Mafundi wakasema kanikalia, nilinyamaza. Alikuja hivyo kila siku kwa miezi kama minane mpaka mwenyewe nikamwambia sasa pumzika. Na mwezi wa tatu niliteleza mara moja, kwenye ngoma ya jando la mpwa wangu, hakunifukuza, alisema kesho nitakuja saa 9 badala ya 9 na nusu.

Kwa kaka yako saa yake mbaya ni alfajiri na wiki ya malipo ya korosho. Hizo mbili mzijue mapema nani atakuwa naye. Na hela mwakani isiingie kwenye akaunti yake peke yake, mwenyewe aamue akiwa na akili yake nani aandikwe naye.

KucheleAsilia (saa 5 asubuhi)

Nimesoma. Naomba radhi dada kwa nilichoandika jana, sikujua. Baba mdogo nimempigia asubuhi hii nikamuuliza kwa mara ya kwanza mle ndani ilikuwaje, amenieleza vitu hajawahi kutueleza, naye alianguka, hatukuwepo tulikuwa shamba. Tukipata taarifa ya kaka tujulishe.

BintiWaMahuta (Ijumaa, saa 1 jioni)

Ndugu zangu samahani simu ilizima, nimechaji kwa mama mmoja wa wodini.

Kaka yupo. Njiani alianguka tena mara mbili, tulimlaza ubavu kama nesi alivyosema, mjomba alimuwekea kichwa mapajani kwake njia nzima na kanzu yake ikajaa matapishi hakusema kitu. Hospitali ya wilaya nilisema yale maneno manne kama nimekariri, daktari kijana akaniangalia akasema nani kakufundisha, wakamchoma hapohapo. Nikauliza ile B1, sista akasema ndo naiandaa mama usiwe na wasiwasi. Wakampa rufaa kuja Ligula, hospitali ya mkoa hapa Mtwara, asubuhi. Jana kutwa alikuwa amefungwa mikono na bandeji kwenye kitanda maana alikuwa anang'oa dripu, nililia sana kuona vile, ila sista alikuwa anakuja kila baada ya muda anampima pumzi na presha anazungumza naye kwa jina.

Leo saa 8 mchana alifungua macho akaniita jina langu mimi. Akauliza mbona niko hapa, leo siku gani, korosho za watu zimelipwa? Hakumbuki stoo, hakumbuki siafu. Anakumbuka kulia mbele ya mama tu. Mikono bado inatetemeka, uji nimemnywesha na kijiko.

Mjomba alimshika mguu pale kitandani akamwambia nilitaka kukuua mwanangu. Kaka akasema mimi ndo nilisema mnifungie. Wakanyamaza wote wawili muda mrefu.

Mama bado anasema kuna mkono wa mtu, sijabishana naye, amekubali fundi asubiri dawa za hospitali ziishe, kwangu inatosha kwa sasa.

Daktari kasema kama hali itaendelea hivi Jumanne anatoka. Kwetu haendi, moshi wa mapipa unauona ukiwa mlangoni. Mama mdogo yupo hapa mjini Chikongola, ana duka, kasema atalala kwake na asubuhi saa 11 atamuamsha waende wote sokoni kuchukua mboga. Mzee wa Rondo hiyo ni ya kwako nimeichukua. MamaWaPipa shikamoo mama, nimekusoma mara mbili, sina hasira na wewe.

Nesi swali moja. Wameniandikia B1 ya vidonge ya kuendelea nayo nyumbani, famasi ya nje hapa wanasema imeisha wana zile za B mchanganyiko. Nichukue hizo?

NesiWaKusini (saa 1 na dk 25 jioni)

Alhamdulillah dada. Umefanya kazi kubwa.

Za mchanganyiko zina B1 ndogo sana kwa mtu wa hali yake, zisiwe mbadala. Jaribu famasi nyingine za mjini kabla ya Jumanne, uliza thiamini, waoneshe karatasi yenyewe ya daktari. Ukikosa kote rudi kwa huyohuyo daktari kabla hajaandika ruhusa ya kutoka, mwambie imekosekana. Na macho yake muulize kila siku, anaona vizuri? akitembea anayumba? Ukiona kimojawapo usisubiri tarehe ya kliniki.

BintiWaMahuta (saa 1 na dk 40 jioni)

Sawa nesi. Nimemuuliza sasa hivi, anasema anaona vizuri, anaisoma saa ya ukutani kutoka kitandani. Kesho asubuhi nazunguka famasi.